Mistari ya Sitini na Tano

Alhamisi, mwezi wa pili. Jua kali tangu asubuhi, na masizi.

Wamechoma miwa tena, safari hii shamba la jirani wa juu. Tangu saa nne vipande vyeusi vyembamba vinashuka polepole, vinatua kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye ndoo za maji, kwenye nywele. Hakuna anayelalamika. Mwaka huu kila mtu ana miwa, na matrekta yanapita barabara ya Butere mchana kutwa yakidondosha mabua. Sisi wenyewe tumepanda hadi chini ya dirisha langu, mahali Mama alipokuwa na sukuma wiki. Upepo ukivuma majani yanakwaruza ukuta kama mtu anayetafuta mlango.

Sina raha.

Nimefanya jambo baya, na nataka kuliandika lote kabla sijaanza kujitetea. Naandika hapa kwa sababu nyumbani hakuna anayesoma mambo haya. Nikisema kwa mdomo, sauti yangu hukatika katikati ya sentensi na watu huimalizia wanavyotaka wao.

Tangu nimalize shule niko nyumbani nasubiri matokeo. Mwalimu wetu wa hesabu naye aliacha kufundisha, akarudi chuo kikuu kusoma zaidi. Baada ya Krismasi aliniandikia barua pepe. Alisema anakumbuka kwamba darasani sikuwa nikiinua mkono, bali niliandika maswali pembeni mwa daftari, na kwamba ana kazi ndogo ya mtu wa namna hiyo.

Kazi yenyewe ni hii. Nilichukua fremu ya mbao ya mraba nikaitandika nailoni, ile inayowekwa ndani ya gunia la sukari, nikaikaza kwa misumari midogo mpaka ikawa kama ngozi ya ngoma. Chini yake naweka spika ndogo ya memori kadi. Juu yake namwaga kijiko kimoja cha sukari. Spika ikitoa sauti moja isiyopanda wala kushuka, nailoni inatetemeka na sukari inakimbia. Inatoka kila mahali panaporuka mpaka ifike mahali pasiporuka, na hapo inajipanga mistari. Mwalimu anaiita mistari ya sifuri. Nailoni yote inapanda na kushuka, ila hapo tu.

Mama alipoona mara ya kwanza alishika kiuno. “Watu wanauguza mgongo kwa ajili ya hiyo sukari, na wewe unaichezesha dansi?” Nikamwonyesha kwamba nairudisha kwenye kikombe changu, haitumiwi tena na mtu mwingine. Hakuridhika, lakini aliniacha.

Sauti zilikuja zimepewa majina ya namba. 2, 5, 8, 10, 13, 17, 18, na kuendelea hadi 65. Mimi ni mtu wa kushuku, nakiri, na nilianza kushuku siku hiyo hiyo. 3 iko wapi? 7 iko wapi? Nilidhani mafaili mengine yamepotea nilipokuwa nayapakua pale saiba ya intaneti. Nikamwandikia Mwalimu. Jibu lake lilikuwa fupi: “Hazijapotea. Tafuta kwa nini hazipo.”

Ilinichukua siku mbili. Kila namba iliyopo ni miraba miwili iliyojumlishwa. 5 ni 1 na 4. 13 ni 4 na 9. 18 ni 9 na 9. Lakini 7 ukiigeuza utakavyo haitoki kwa miraba miwili, wala 3, wala 11. Wimbi kwenye fremu ya mraba lina hesabu yake ya kwenda upande mmoja na hesabu yake ya kwenda upande wa pili, na sauti yake inatokana na miraba ya hesabu hizo mbili. Kwa hiyo fremu yangu haina sauti ya 7. Nilijaribu kuitengeneza mwenyewe kwenye simu, nikaicheza. Sukari ilizubaa tu, ikarukaruka pale pale bila kujipanga.

Nilifurahi sana siku hiyo. Nilijihisi kama mtu aliyeambiwa siri ya ukoo usio wake.

Kisha akanipa kazi ya kweli. Kila siku, saa ile ile, nicheze sauti ya 65 mara moja tu, nichore mistari itakayotokea, nipime urefu wake wote kwa uzi. Siku kumi. Baada ya hapo nimtumie michoro, na kama ni safi atanisaidia kuandika barua ya kuomba nafasi chuoni kwao. Hakusema nitaona nini. “Usiniamini mimi,” aliandika. “Angalia.”

Siku ya kwanza ilitoka michirizi iliyopinda kama mito. Siku ya pili ikatoka tofauti kabisa, kana kwamba ni fremu ya mtu mwingine. Siku ya tatu, tofauti tena.

Wa kwanza niliowashuku walikuwa sisimizi, maana sukari ni sukari. Nikaweka miguu ya meza ndani ya mikebe ya maji. Sisimizi wakaisha. Mistari ikaendelea kubadilika.

Nikaanza kuangalia watu.

Hapa lazima nimweleze Senje. Ndivyo tunavyomwita dada yake Baba. Aliolewa Mautuma, kule kwenye mashamba ya mahindi, akakaa miaka mingi, akarudi Desemba na mkoba mmoja. Sikio lake la kushoto halisikii tangu siku moja ambayo haitaji, na hakuna anayemwuliza. Analala kwenye nyumba ya jikoni. Mama hapendi kuwa na mwanamke wa pili kwenye jiko lake, kwa hiyo Baba alimpokea dada yake kwa sharti, na alilisema mbele yetu sote: “Kaa kwa amani. Lakini siku nikisikia umegusa kitu cha mtu humu ndani, utarudi kwa bwanako.”

Sote tunajua maana ya kurudi kwa bwanake. Nami nilijua. Nataka niandike hivyo waziwazi: nilijua.

Senje ndiye pekee aliyeipenda fremu yangu. Siku ya kwanza alisimama mlangoni akacheka. “Awinja, hii ni chai ama ni ngoma?” Nikamkaribisha. Hakuweza kuisikia sauti vizuri, basi akaweka ncha ya kidole kwenye nailoni, akakisogeza taratibu. “Hapa panaruka. Hapa panaruka. Hapa pamelala.” Alikuwa sahihi kila mara, hata kabla sijamwaga sukari.

Na hilo, badala ya kunifurahisha, baadaye niliona ni ushahidi dhidi yake. Mtu anayeweza kuisoma nailoni kwa kidole anaweza pia kuilegeza. Ndivyo akili yangu ilivyokuwa ikifanya kazi wiki nzima. Nilimwona akipita nyuma ya nyumba, nikajiuliza anatafuta nini. Nilimsikia akiimba peke yake, nikajiuliza anafurahia nini. Nilihesabu misumari ya fremu kila asubuhi. Yote ilikuwepo, na bado nikasema moyoni kwamba ameing'oa na kuirudisha.

Jumanne walichoma shamba la chini. Nikapata wazo ambalo nililiona la akili. Niliacha dirisha wazi kwa makusudi, nikamsindikiza Mama sokoni, nikayaacha masizi yaingie na kutanda sakafuni. Tuliporudi, sakafu ilikuwa nyeusi, na juu yake kulikuwa na nyayo za akala, zile ndala za matairi. Nyumbani kwetu ni mtu mmoja tu anayevaa akala. Nyayo zilienda ndani na zikarudi.

Siku hiyo mistari ya 65 ilitoka kama sijawahi kuiona.

Sikumwuliza Senje. Kumwuliza kungekuwa kumtazama usoni. Nilimwambia Mama jana, jioni, tukichambua mboga.

“Anaingianga kwa chumba chako?” Mama aliacha mboga. “Wewe ulimwona?”

“Niliona nyayo zake. Anaharibu kazi yangu.”

“Si nilisema? Si nilisema mimi?” Hakunijibu mimi tena, alikuwa akiijibu nyumba nzima. “Mkono wake haukai!”

Leo asubuhi, wakati wa chai, Baba alisema bila kuinua macho kwamba Jumamosi Senje atarudi Mautuma, na kwamba ameshampigia bwanake simu aje kumpokea kituoni. Senje alikuwa akimimina maziwa. Alimaliza kumimina. Hakumwaga hata tone.

Hakujitetea. Hakuuliza nani amesema. Ila alinitazama mara moja, si kwa hasira, kama mtu anayekagua barabara kabla ya kuvuka.

Nikaenda chumbani nikafunga mlango kwa komeo. Nilitaka kupata uhakika. Nikisema ukweli, nilitaka kuthibitisha kwamba niko sawa. Nikasema, leo hakuna anayeweza kuingia, nitacheza 65 na nitaketi hapa hapa. Nikacheza. Nikachora, nikapima kwa uzi. Nikakusanya sukari, nikaondoa spika, nikairudisha, nikacheza tena.

Mistari ikawa mingine.

Mlango umefungwa. Mikono iliyokuwa mle ndani ni yangu tu. Nikarudia mara ya tatu, ya nne. Kila mara mingine. Mara ya tano niliacha sauti ikilia na nikaisogeza spika upana wa kidole kimoja, nikaiona mistari ikijiachia na kujiunga upya mbele ya macho yangu, kama watu wanaobadilisha viti kanisani.

Nikacheza 8. Msalaba, ule ule wa siku zote. Nikasogeza spika, msalaba ule ule. 18, mistari miwili huku na miwili kule, haibadiliki. 32, vivyo hivyo. Ni 65 tu iliyokuwa ikinigeuka.

Nikachukua kalamu. 8 ni 4 na 4, basi. Haina njia nyingine. 18 ni 9 na 9, basi. Lakini 65 ni 1 na 64, na pia ni 16 na 49. Njia mbili, na kila moja yaweza kulazwa hivi au vile, kwa hiyo mawimbi manne yanalia kwa sauti moja. Yanachanganyika. Leo hili limezidi kidogo, kesho lile, kulingana na mahali nilipotua spika au joto lililolegeza nailoni. Mistari ya sifuri ni mahali yanapofutana yote manne, na mahali hapo panategemea mchanganyiko wa siku hiyo.

Ndiyo maana alichagua 65. Katika barua yake ya mwisho, ambayo niliisoma haraka kwa sababu nilikuwa na shughuli ya kumvizia Senje, ameandika kwamba kuna watu wanaochanganya mawimbi kama hayo kwa bahati nasibu, kama kurusha kete, kisha wanauliza mistari ya sifuri itakuwa mirefu kiasi gani. Umbo huwezi kulibashiri. Urefu wa wastani unaweza. Na kiasi ambacho urefu huo unayumba kutoka mchanganyiko mmoja hadi mwingine kinategemea njia ngapi namba ile inavunjika kuwa miraba miwili. Kama nimeelewa. Sina hakika nimeelewa yote.

Nikatoa nyuzi zangu zote tisa, mmoja wa kila siku, nikazilaza kitandani sambamba. Maumbo yalikuwa hayafanani hata kidogo. Nyuzi zilikaribiana sana. Uliouzidi mwingine uliuzidi kwa kama upana wa kiganja. Uzi wa Jumanne, siku ya nyayo, ulikuwa katikati ya wenzake. Mtu anayechezea sukari kwa mkono hawezi kuipa mistari urefu ule.

Kisha nikakumbuka dirisha.

Jumanne nililiacha wazi. Tuliporudi sokoni lilikuwa limefungwa. Nililiona limefungwa. Nilisimama pale nikitazama nyayo zinazoenda moja kwa moja dirishani na kurudi mlangoni, bila hata kukaribia meza, na sikujiuliza aliingia kufanya nini. Michoro yangu yote ilikuwa mezani, na masizi yalikuwa yanaingia.

Baba ni nyapara wa wakataji. Leo walikuwa kwenye shamba lile la juu lililochomwa asubuhi. Nilikunja michoro, nikafunga nyuzi kwenye leso, nikaenda. Sijawahi kwenda peke yangu walipo wanaume wale. Walikuwa weusi wote, meno tu ndiyo yaliyoonekana.

“Nyapara, msichana wako amekuja kazi!”

“Mpe panga! Mpe ile butu, tuone!”

“Amelala njaa huyo, hata muwa mmoja hamalizi.”

Baba alikuja akiwa na fimbo yake ya kupimia. Nikaanza kusema na sauti ikakatika, nikaanza tena. Nikamwambia kwamba Senje hakugusa kitu, kwamba mistari inabadilika yenyewe, kwamba ni namba. Nikamwonyesha msalaba wa 8 mara tatu, halafu 65 mara tisa. Nikamwonyesha nyuzi.

“Kwa hivyo sukari ndiyo imekuambia?”

“Ndiyo, Baba.”

Mkataji mmoja aliyekuwa karibu akacheka hadi akaegemea panga. Baba hakucheka. Aliokota uzi wa Jumanne, akaunyoosha kwa vidole vyake vyenye masizi, akaulinganisha na mwingine.

“Mimi hizi namba sizijui. Na nyayo?”

“Alifunga dirisha.”

“Jana aliharibu. Leo alifunga dirisha. Kesho atakuwa amefanya nini?”

“Kesho atakuwa amefunga dirisha,” nikasema. Nadhani ni sentensi ya kwanza katika maisha yangu niliyomwambia Baba bila kuangalia chini.

Baba aliukunja ule uzi. Nyuma yake miwa ilikuwa ikianguka, ch, ch, ch. Mwishowe alisema atampigia simu yule mtu wa Mautuma, asije. “Lakini kumwambia Senje wako, ni wewe. Usimtume mama yako.”

Nilitembea nyumbani nikifikiri kwamba sehemu ngumu imeisha.

Senje alikuwa nyumba ya jikoni, mkoba wake umefungwa tayari. Sikuwa nimefungua mdomo alipoufungua na kuumwaga wote juu ya mkeka. Leso mbili. Sweta. Kitambulisho ndani ya karatasi ya nailoni. Kitana. Mafuta ya kujipaka, robo chupa.

“Angalia vizuri, mama,” alisema, kwa upole kabisa. “Usije ukakumbuka kitu baadaye.”

Nikamwambia. Sijui niliyasema kwa mpangilio gani. Nilisema ni mimi niliyesema kwa Mama. Nilisema sikuuliza, na nilipaswa kuuliza. Nilisema 65 ina njia mbili, jambo ambalo halikuwa na maana yoyote pale, lakini lilitoka. Nilisema Baba ameamua asiende.

Alisikiliza mpaka mwisho. Sikuiona furaha niliyokuwa nimeibeba njia nzima kuja kumpa.

“Baba yako amesema nikae.”

“Ndiyo, Senje.”

“Nikae hadi lini? Hadi sukari ikimbie tena?”

Ni swali zuri kuliko yote aliyonipa Mwalimu, na haliko kwenye faili lolote. Aliokota vitu vyake kimoja kimoja akavirudisha mkobani, akavuta zipu, akauweka pale pale karibu na mlango. Kisha akaniomba nipishe, achukue kuni.

Kwa hiyo haendi Jumamosi kwa amri ya Baba. Kama ataenda kwa hiari yake, siwezi kumlaumu, na mkoba ule utakuwa umebeba jina langu.

Kesho ni siku ya kumi, lakini sitaicheza. Nitamwandikia Mwalimu kwamba ana michoro tisa, na nitamwambia kwa nini: niliitumia kazi yake kumshtaki mtu. Nitasema hivyo hata kama barua yangu ya chuo itaishia hapo. Halafu kuna Mama. Bado anaamini nilichomwambia jana, na nimemsikia sasa hivi akimweleza jirani ng'ambo ya ua. Nikingoja sana, maneno yangu ya jana yatafika hadi Butere kabla ya maneno yangu ya leo kuvuka ua.

Nimesikia jirani akiuliza, “Alimwona kabisa?”

Naacha kuandika. Naenda uani.